Karakana ya shehia: namna ya kuianzisha Pemba na kuifanya idumu

Ukipita nyumba kwa nyumba katika shehia yoyote ya Wete au Micheweni utakuta vifaa vya kutosha kujaza karakana nzima. Kuna msumeno uliorithiwa kwa babu, randa iliyoliwa na kutu, cherehani ya mkono inayongoja sindano, na drili aliyoileta ndugu kutoka Maskati ikatumika siku moja ya kufungia mapazia. Ujuzi nao upo. Huyu anajua kutia mpini, yule anajua kusuka ukili, mwingine anashona kofia za viua, na kuna kijana pale njia panda anayefufua feni zilizokwisha kutupwa. Kinachokosekana ni mahali pa kukutanisha vifaa hivyo na wajuzi hao, na mtu wa kushika ufunguo.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanane mpaka kumi na tano wanaotaka kufungua karakana ya pamoja: mwanachama anaazima kifaa, anafanya kazi yake kwa mkono wake, na anafunzwa na aliye karibu naye. Kwengineko mtindo huu una miaka mingi. Kule Berkeley, California, maktaba ya umma inaazimisha vifaa vya ufundi tangu 1979, kama inavyoazimisha vitabu. Mjini Amsterdam, mwaka 2009, Martine Postma alianzisha mikusanyiko ya Repair Café, ambapo watu huja na vitu vibovu na kuvitengeneza pamoja na wajuzi wa kujitolea. Nazo karakana za Fab Lab, zenye mashine zinazoongozwa na kompyuta, zilianzia chuo cha MIT nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hizo za mwisho ndizo zinazowavutia wafadhili. Kwa maoni yangu, kwetu tuanze na mbili za mwanzo: kuazimana na kutengeneza. Mashine za kompyuta zije baadaye, zikute watu waliokwisha kuzoea kufanya kazi pamoja.

1. Mtafuteni mtunza vifaa kabla ya vifaa

Kabla hamjaomba chumba wala kununua msumari, kaeni mkubaliane nani atashika daftari. Kinachoziua karakana za pamoja mara nyingi ni kitu kidogo sana: randa imetoka Jumatatu, imepita mikono mitatu, na ikifika Ramadhani hakuna anayejua iko kwa nani. Baada ya randa hufuata patasi, kisha watu wanaanza kutazamana vibaya.

Mtunza vifaa si lazima awe fundi. Awe anakaa karibu, anaandika mwandiko unaosomeka, na haoni haya kumwambia mtu mzima kwa adabu, “Ami, ile patasi siku yake imepita, naomba niipitie jioni.” Ningetazama kwanza miongoni mwa akina mama waliowahi kushika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Wameshazoea kisanduku cha kufuli tatu chenye funguo kwa watu watatu, na wanajua kwamba kuandika si kumshuku mtu. Mpeni posho, hata ikiwa ndogo. Na mpeni msaidizi tangu mwanzo, kwani kuna safari, kuna uzazi, kuna msiba, na karakana iliyofungwa wiki mbili kwa sababu ufunguo uko Unguja inapoteza watu wake.

2. Zungumzeni na mafundi wa mtaani mapema

Hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi, na ndipo wengi wanapopita mbio. Fundi seremala mwenye kibanda chake barabarani akisikia mnafungua mahali pa kufundisha useremala kwa bei ya chai, ana haki ya kujiuliza kesho atakula nini. Yeye alikaa miaka akiwa mwanagenzi, akifagia takataka za randa na kushikilia ubao, ndipo akaruhusiwa kugusa msumeno. Msimwendee na hotuba ya maendeleo. Mwendeeni barzani kwake baada ya laasiri, mumwamkie, mkae, na mumwambie mambo matatu mkiyamaanisha.

La kwanza, karakana haitapokea oda za biashara. Mtu akija anataka mlango, kitanda au kabati, ataelekezwa kwa fundi. Sisi tunafundisha mtu kutengeneza kigoda chake na kurekebisha kiti chake, kazi ambazo fundi mwenyewe hazimlipi. Andikeni jambo hili katika kanuni, lisibaki la mdomo.

La pili, fundi atalipwa kwa kila somo, papo hapo, siku ile ile. Kiasi mkubaliane naye, lakini kisiwe chini ya kile ambacho angepata kwa muda huo kibandani kwake.

La tatu, asubuhi, wakati karakana haina watu, fundi anayefundisha ana ruhusa ya kutumia jiriwa, kile kibano cha kufungwa mezani, na mashine kwa kazi zake. Hili huwavuta mafundi kuliko malipo. Wengi wanachonga kwa kukanyaga ubao kwa mguu kwa sababu hawana jiriwa imara.

Muulizeni pia anachotaka kukifundisha. Yupo mchongaji mzee asiye na subira ya kumfundisha kijana kukata mbao, lakini ukimpa kipande cha mfenesi na patasi nyembamba atakaa naye mpaka magharibi akimwonesha namna ua linavyotoka ndani ya ubao. Mfuateni pale alipo na mapenzi.

Tena, msiifanye karakana ya useremala peke yake. Wanaosuka ukili wanafanya kazi ya kipimo na hesabu isiyopungua ya seremala, na hawahitaji umeme. Kinachowasumbua ni vitu vya kuchangia: sufuria kubwa la kuchemshia rangi, kamba ndefu za kuanikia miyaa kivulini, sindano madhubuti za kushonea. Sufuria moja la karakana linawatosha wasukaji wa mtaa mzima wakipangiana zamu. Na msukaji akikaa meza moja na fundi cherehani, vinatoka vitu ambavyo hakuna kati yao angevifikiria peke yake: mkoba wa ukili wenye bitana ya kanga, mfuko wa msahafu wenye zipu.

3. Chumba

Mnahitaji chumba cha ukubwa wa darasa dogo, chenye mlango unaofungika, dirisha pande mbili, na paa la bati. Banda la makuti ni zuri kwa kusukia na kushonea, lakini grenda isiwashwe chini yake hata mara moja, kwa sababu cheche zake zinaruka mbali kuliko unavyodhani. Ghala tupu, chumba cha skuli kisichotumika, au ukumbi wa nyumba ambayo wenyewe wako Unguja vinafaa. Barza ya mbele ina thamani kubwa: watu wa kupita wanasimama, wanatazama, na wiki ya pili wanaingia.

Nendeni kwa sheha mapema, mpate barua yake. Ndiyo mtakayodaiwa kila mtakapogonga mlango wa ofisi, na ndiyo mwanzo wa kusajiliwa kama jumuiya au ushirika mkitaka kufungua akaunti ya benki. Kama msikiti uko karibu, wekeni kanuni kwamba mashine zinazimwa ikisikika adhana na haziwashwi mpaka sala iishe. Majirani nao wana watoto wanaolala mchana, kwa hiyo mashine za kelele ziwe na saa zake zinazojulikana.

4. Vifaa vya mwanzo

Anzeni kwa kukusanya kabla ya kununua. Mtu aweze kutoa kifaa kwa njia mbili: hiba, kikawa cha karakana, au amana, kikabaki chake na akakichukua anapotaka kwa kutoa taarifa ya wiki moja. Iandikwe wazi tangu siku kinapoingia. Familia nyingi hazitaki kugawa msumeno wa marehemu, lakini zitafurahi ukitumika na kutunzwa.

Kwa kazi za mbao mnahitaji misumeno miwili, randa moja nzuri, patasi za upana tofauti, nyundo, skwea, futi, klampu nne na tupa za aina mbili. Jiriwa ni lazima. Kama fedha za kununua kifaa kipya zinatosha kimoja tu, nunueni jiriwa, kisha muifunge juu ya meza nzito isiyotikisika. Keekee ya kamba, kama mtaipata, ichukueni: haina haja ya umeme na mtoto anajifunza kwayo kuhisi ubao. Kwa umeme na elektroniki inatosha mita ya kupimia, bisibisi za ukubwa mbalimbali, plaizi na pasi ya kulehemu. Cherehani ya mkono au ya miguu inafaa kuliko ya umeme kwa mwanzo, kwa sababu fundi wa kuitengeneza yuko kila mji.

Grenda na drili ya umeme zitakuja. Hazina haraka.

5. Namba, ubao na daftari

Kila kifaa kipewe namba. Kwenye mpini wa mbao ichomeni kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Kwenye chuma ipigeni kwa tindo ndogo au rangi ya mafuta. Pia pakeni mkanda wa rangi moja kwenye vifaa vyote vya karakana, rangi ambayo hakuna fundi mwingine mjini anaitumia, ili kifaa kikionekana kibandani kwa mtu kijulikane bila ya ugomvi.

Kisha tengenezeni ubao wa ukutani. Kila kifaa kinaning'inia mahali pake, na nyuma yake umechorwa umbo lake kwa rangi. Jioni mtunza vifaa anatupa jicho mara moja tu: penye umbo tupu, kuna kifaa nje. Hana haja ya kuhesabu.

Daftari liwe na safu sita: namba ya kifaa, jina la mwazimaji, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, hali yake kilipotoka, hali yake kiliporudi. Siku tatu zinatosha kwa kuazima. Anayeazima kwa mara ya kwanza alete mdhamini ambaye ni mwanachama. Vipo vifaa visivyotoka nje kabisa, kama grenda, cherehani, jiriwa na mita, navyo vijulikane.

Kuhusu kuchelewesha, mimi siungi mkono faini ya fedha. Inaleta maneno, na mwenye nacho ataichukulia kuwa ni kodi, akae na kifaa mwezi mzima. Aliyechelewesha apewe kazi: anoe patasi tatu, au apange msumeno mmoja meno. Kifaa kikivunjika mikononi mwa mtu aliyekitumia sawasawa, karakana inabeba. Kikivunjika kwa kutumiwa vibaya, kama patasi iliyofanywa bisibisi, anakirekebisha yeye chini ya macho ya fundi.

6. Kunoa, na vita vya kutu

Mtu mgeni na kazi akishika patasi butu, anaisukuma kwa nguvu, inateleza, inamkata. Halafu anaondoka akiamini kwamba useremala si kazi yake. Kwa hiyo somo la kunoa liwe la kwanza kwa kila mwanachama, mwanamume na mwanamke, kabla ya kutengeneza kitu chochote.

Kama hamna kinoo kizuri, kipande cha kioo kinene kinatosha, kwa sababu kioo kimenyooka kuliko mawe mengi ya dukani. Lowesheni kioo, ulazeni juu yake msasa wa maji namba 220, na muutie maji. Anzeni na mgongo wa patasi: ulazwe bapa kabisa na usuguliwe mpaka sehemu ya karibu na ncha ing'ae yote. Kisha geuzeni upande wa mteremko. Kipimo cha mteremko hakihitaji chombo: urefu wake ukiwa mara mbili ya unene wa patasi, uko kwenye nyuzi 30, na hapo ndipo panapofaa kwa kazi nyingi. Sugua kwa mkono mmoja kushika na vidole viwili vya mkono wa pili kukandamiza karibu na ncha, bila ya kuyumbisha. Ukipitisha kidole mgongoni, kuelekea nje ya ncha, utahisi ukingo mwembamba unaokwaruza. Huo ndio ushahidi kwamba umefika mwisho wa makali. Endelea na namba 400, kisha 1000, na malizia kwa kuulaza mgongo bapa mara mbili tatu ili ukingo ule utoke. Jaribu kwenye kichwa cha ubao laini, pale nyuzi za mti zilipokatwa. Patasi kali inatoa ganda jembamba lisilobomoka. Butu inatoa vumbi.

Msumeno unanolewa kwa tupa ya pembetatu, jino moja baada ya jingine. Meno yapindwe kidogo kushoto na kulia kwa zamu, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bapa la msumeno. Msumeno unaokwama kwenye ubao mara nyingi haujawa butu; meno yake ndiyo yaliyolala.

Halafu kutu. Visiwani hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na kuta za mawe na chokaa zinapitisha maji. Msiegemeze chuma ukutani wala kukilaza kwenye saruji. Ubao wa vifaa upachikwe juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite nyuma yake. Kila jioni, kabla ya kufunga, mtu wa zamu apitishe kitambaa chenye mafuta ya cherehani juu ya kila chuma kilichotumika. Mafuta ya nazi yanafaa yakikosekana mengine, ila yasiachwe mengi yakaganda na vumbi.

Kifaa kilichokwisha kushika kutu kinaokoleka. Kilowekwe kwenye siki au maji ya ndimu usiku mmoja, kisisahauliwe zaidi ya hapo kwani siki itakila chuma chenyewe. Asubuhi kisuguliwe kwa makumbi au brashi ya waya, kioshwe kwa maji ya magadi ili uchachu ufe, kikaushwe juani mpaka kiwe na joto mkononi, kisha kipakwe mafuta kingali na joto. Mpini utolewe kwanza.

7. Kazi ya kwanza: mbuzi ya kukunia nazi

Naipendekeza hii kuliko kigoda au rafu. Kila nyumba inayo, kila mtu anajua ikiwa mbaya inavyoudhi, na ndani yake kuna karibu kila ujuzi wa mwanzo: kupima, kukata, kutoboa, kuchimba tobo, kupiga tupa chuma. Wanne kwa fundi mmoja wanatosha. Gaweni kazi kwa siku mbili za masaa mawili mawili.

Siku ya mwanzo ni ya mbao. Mbuzi ni mbao mbili zinazopitana. Mmoja ni mrefu, una tobo katikati na shingo nyembamba mbele ya kubebea chuma. Wa pili ni mfupi, unapita ndani ya tobo hilo na kushikwa kwa pini ya chuma, hivyo zikikunjuliwa zinasimama zenyewe na zikikunjwa zinalala pamoja. Leteni mbuzi nzuri ya nyumbani kwa mtu, pimeni juu yake. Anayekata afundishwe kupita nje ya mstari, upande wa mabaki, mstari wenyewe ubaki ukionekana. Sehemu iliyozidi itaondoka kwa randa, lakini iliyopungua hairudi.

Tobo ndilo linalowatisha wageni. Litoboleeni kwanza mfululizo wa mashimo kwa keekee au drili, yakikaribiana ndani ya mstari, kisha patasi iondoe vilivyobaki katikati. Pigeni patasi nusu kutoka juu, geuzeni ubao, mmalizie kutoka chini. Anayepiga upande mmoja mpaka utokeze wa pili atapasua ubao kwa chini. Mbao hizo mbili zikipita kwa kusukuma kwa kiganja, bila ya nyundo na bila ya kuyumba, basi.

Siku ya pili ni chuma. Chukueni bapa la chuma la kawaida la unene wa milimita 3. Springi ya gari ni ngumu mno kwa tupa ya anayejifunza. Kateni ncha iwe mviringo kama ukucha, kisha chuma kifungwe kwenye jiriwa kikitokeza kidogo tu juu ya meno yake. Kikitokeza sana kitalia na kutetemeka, na tupa haitauma. Anza jino la katikati kabisa ya mviringo, uende kulia na kushoto kwa zamu, ndipo meno yatakapokaa sawa pande zote. Tupa inakata ikienda mbele tu. Ukirudi, iinue. Anayeikokota mbele na nyuma anaiua tupa.

Mwisho chuma kipigiliwe kwenye shingo kwa misumari iliyopindwa chini. Mbao zipigwe msasa na kuachwa hivyo hivyo. Msipake vanishi wala rangi, kwani hii ni kazi ya chakula. Kisha vunjeni nazi mbili pale pale, kila mtu ajaribu mbuzi yake. Meno yaliyo marefu mno yanatoa vipande vikubwa vilivyochanika, na yanapunguzwa hapo hapo kwa tupa.

Mtu aliyeondoka na mbuzi yake mwenyewe atarudi. Kazi za kufuata zitakuja zenyewe: mpini wa jembe, kiti cha skuli kilichovunjika, mfuko wa kanga. Kwa waliofika mbali, mwombeni mchongaji awafundishe marfaa, kile kiegemezo cha kuwekea msahafu, ya ubao mmoja, unaopasuliwa katikati ukafunguka kama bawaba bila ya msumari hata mmoja. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi na ina heshima yake.

8. Umeme na usalama

Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na mashine ndogo hazili sana: grenda ya wati 850 ikifanya kazi nusu saa inatumia chini ya nusu uniti. Uniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, basi si tatizo kubwa. Tatizo ni nyaya za chumba. Mwiteni fundi umeme aliyesajiliwa, aweke waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi na breka inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30. Waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote kabla ya kuchomeka mashine. Ukiachwa umeviringishwa unashika moto ndani kwa ndani.

Grenda ishikwe na waliofunzwa tu, ikiwa na kinga yake. Tazameni diski kabla ya kuifunga: kwenye pete ya chuma ya katikati kuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Diski iliyopita tarehe, iliyoloa au yenye ufa itupwe, ingawa inaonekana mpya. Miwani ni lazima kwa anayefanya na kwa anayetazama.

Mavazi yetu yanataka kanuni yake. Ncha za mtandio zifungwe nyuma, mikono ya kanzu na buibui ikunjwe mpaka kwenye kiwiko au ivaliwe aproni yenye lastiki, na hakuna glavu kwenye drili inayozunguka kwa sababu inavuta mkono. Ndara hazifai, wekeni jozi chache za viatu vya kufunika vidole mlangoni. Jicho likiingia vumbi lioshwe kwa maji mengi safi, lisipikichwe. Likichomwa na kipande cha chuma, msikiguse, lifunikeni bila ya kulikandamiza, na mtu apelekwe hospitali mara moja.

Watoto wanakaribishwa wakishatoka skuli na chuo cha Kurani, kwenye meza yao, na vifaa vya mkono tu.

9. Mbao na malighafi

Mfenesi unachongeka vizuri na una rangi ya kupendeza. Mwembe ni rahisi kupatikana, ila unaliwa na wadudu usipokaushwa vyema. Mnazi mzee una mbao nzuri upande wa nje wa gogo na laini katikati, lakini unamaliza makali ya msumeno haraka. Mkoko usikatwe bila ya kibali.

Pereti za bandarini ni mali nyingi inayotupwa. Tafuteni muhuri uliochomwa ubavuni: zenye herufi HT zimetibiwa kwa joto na zinafaa, zenye MB zimefukizwa kwa dawa ya sumu, msizichukue. Kwa mafundi cherehani, ombeni vipande vya kitambaa kila Alkhamisi kabla hawajavichoma.

10. Kalenda na fedha

Panga ratiba kwa mwaka wa Pemba. Wakati wa masika mbao zinavimba na hazikauki, kwa hiyo uwe msimu wa cherehani, ukili na kutengeneza vya umeme. Msimu wa karafuu nusu ya watu wako mashambani. Punguzeni masomo, na kabla yake mfanye wiki nzima ya kushona na kurekebisha majamvi ya kuanikia, kwani karafuu iliyoanikwa barabarani inashika mchanga na uchafu. Ramadhani fungueni baada ya tarawehe. Siku kumi za mwisho kabla ya Idi cherehani hazitapoa.

Ada iwe ndogo na ya kila mwezi. Tuseme wanachama 12 wakitoa shilingi 3,000, ni shilingi 36,000 kwa mwezi. Zigawanyeni kabla hazijaingia: sehemu ya posho ya mtunza vifaa, sehemu ya umeme, sehemu ya msasa, mafuta na misumari, na sehemu isiyoguswa ya kununulia kifaa kimoja kila baada ya muda. Asiye na fedha alipe kwa kazi, ikiandikwa katika daftari lile lile. Hesabu isomwe mbele ya wote mwisho wa mwezi, kwa sauti.

11. Akija mgeni na mashine

Karakana ikisimama, atakuja mtu mwema anayetaka kuleta printa ya pande tatu au mashine ya kukata kwa mwanga wa leza. Mpokeeni vizuri, kisha mumuulize kabla ya kusaini: vipuri vinapatikana wapi na kwa bei gani? Nani hapa Pemba atafunzwa kuitengeneza, na wangapi? Umeme ukikatika katikati ya kazi inaharibika? Ikishindikana baada ya mwaka, itarudi kwake au itabaki kwetu? Ni kazi gani inayohitajika katika shehia hii ambayo mashine hiyo itaifanya na mikono yetu haiiwezi? Majibu yaandikwe na yawekwe pamoja na hati. Likikosekana jibu la vipuri, mwombeni badala yake awaletee jiriwa ya pili na katoni ya msasa.